Bei Nne za Yaya Riziki

Dada yangu mkubwa, yaya Riziki kama tulivyomwita, alituacha mwezi wa Rajabu. Watu wengi wamenisimulia wema wake. Jambo moja nalijua kuliko wao, kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyekuwa upande wa makosa.

Yaya aliuza vitenge tangu usichana wake, kwanza kwa kuvibeba begani hadi vijiji vya Runingu na Lubarika siku za mavuno, baadaye katika chumba kimoja cha mtaa wa Nyamianda, hapa Uvira. Aliishia darasa la sita. Mimi nilimaliza sekondari kwa faida ya vitenge hivyo.

Alipofika miaka hamsini alitaka duka la kwenye simu. Jirani yetu Gracien, fundi wa kompyuta, akamtengenezea. Kila kitenge kilikuwa na picha, na chini yake bei nne: dola, faranga za Kongo, faranga za Burundi, na mwisho USDT, dola ya mtandao isiyoshikika mkononi.

"Hii ya mwisho iko na picha ya nani?" yaya aliuliza.

"Haina picha, mama. Haina hata karatasi."

"Basi haitapasuka!" Akacheka. Kwetu dola yenye mpasuko kama ukucha hakuna anayeipokea, na yaya alikuwa nazo tatu, amezikalia miaka.

Gracien alisema yaya aandike bei ya dola tu, zile nyingine mashine itazipigia hesabu yenyewe. Sote tulifurahi. Hakuna aliyeuliza mashine inachukua wapi taux, yaani kiwango cha kubadilisha pesa. Mtu wa Uvira akitaja taux, anamaanisha ile ya wabadilisha pesa wanaokaa na vimeza vyao kando ya barabara. Ile ya benki tunaisikia redioni na kuisahau. Mashine ilichukua ya benki. Dola iliyouzwa barabarani kwa faranga elfu sita za Burundi, yenyewe iliihesabu elfu tatu.

Wiki ya pili, mama mmoja wa Bujumbura aitwaye Consolée, aliyekuwa akimwoza binti yake, aliagiza vitenge thelathini vya sare. Alituma malipo yote kwa faranga za Burundi, kupitia mama anayevuka mpaka wa Kavimvira kila siku na mboga. Yaya akazipeleka kwa Abdoul-Karim, mkubwa wa wabadilisha pesa. Mzee alihesabu mara mbili.

"Weye Riziki, umeanza kutoa sadaka ya vitenge? Hizi hazifiki dola mia tatu."

Vitenge vilikuwa vya mia sita. Vilikuwa karibu mali yote ya duka. Bila pesa hiyo hangeweza kuleta mzigo mwingine wa maana, na duka lingekufa.

Gracien alikuja, akatazama simu, akashika kichwa. Mimi nikasema, "Yaya, mrudishie pesa zake. Mwambie mashine ilikosea."

"Mashine iko na duka? Duka iko ya minye. Bei nilitundika minye. Yule mama aliiona, akalipa. Imeisha."

"Na mzigo ujao utanunua na nini?"

"Mungu anajua. Weye funga mzigo."

Nilifunga kwa hasira hadi kamba ikanikata kidole. Asubuhi vitenge vikavuka mpaka.

Gracien aliondoa taux ya benki, akamwachia yaya mahali pa kuandika mwenyewe. Tangu hapo, kila siku baada ya swala ya alfajiri na chai, yaya alikwenda kwa wabadilisha pesa na simu mkononi. "Polisi wa taux amefika!" walimcheka. Juu ya ukurasa aliandika: Bei ya leo, taux ya soko la Uvira.

Consolée alipoona bei imeruka mara mbili, akapiga simu.

"Mama Riziki, vitenge vyangu viko vya bei hii?"

"Tangu mwanzo. Nilikosea."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Ulilipa nilichoandika. Binti apendeze tu."

Consolée hakutuma pesa ya kujazia, na yaya hangeipokea. Lakini kwenye harusi alisimama akawaeleza wanawake wote sare ile ilivyopatikana. Mwezi haukuisha, maagizo yakamshinda Gracien kujibu, na pesa ya mzigo mpya ikapatikana. Ndugu wa Consolée aliyeko Kanada aliagiza vya dola mia nane, akalipa kwa USDT.

"Imeingia?" yaya aliuliza.

"Imeingia, mama."

"Yote? Hakuna iliyopasuka?"

Alicheka hadi machozi. Mwaka ule tulikodi chumba cha pili. Na wale wabadilisha pesa waliomcheka, mteja akibishana nao, walifungua simu zao: "Ngoja tuangalie kwa Riziki."

Presha ndiyo iliyomchukua. Tulikaa matanga siku tatu, ya nne nikabeba simu yake kwenda kwa Abdoul-Karim. Mzee alisimama kunipokea, akamwombea rehema. Kisha akaniambia faranga ya Burundi imeshuka sana siku hizo tatu. Nikaandika taux mpya. Hapo nikaona maagizo mawili yameingia wakati wa matanga, yamelipwa kwa faranga hizohizo, bei ya zamani.

"Hayo yatakutia hasara," mzee alisema, macho yake usoni pangu. "Utawaambia mwenye duka alikufa?"

"Bei ilikuwa imetundikwa," nikajibu.

Abdoul-Karim akawageukia wenzake, akapaza sauti barabara nzima: "Polisi wa taux amefika!" Wakapiga makofi juu ya vimeza vyao. Nilicheka na kulia pamoja, nikarudi Nyamianda kufunga mizigo miwili. Alhamdulillahi, kabla ya adhuhuri ilikuwa imeshavuka mpaka.