Kitambaa Tumboni

Nianze na upumbavu wangu: daktari aliponiambia nina kansa ya tissus mous, nilimwuliza nani alisahau kitambaa tumboni mwangu, na mimi sijapasuliwa hata siku moja. Hapa Likasi tissu ni kitambaa cha kushonea. Mou ni laini. Kifaransa changu cha sekondari kiliishia hapo.

Tumbo lenyewe lilikuwa likikua mwaka mzima. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kiti cha barazani, kwa njia ya bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa Tshangalele. Kwa hiyo nililiheshimu, kama tumbo la patroni, bosi mwenye pesa. Mashavu yalikuwa yakiingia ndani, lakini nani hutazama mashavu ya patroni? Jirani yangu, mama mshonaji, alinipanulia suruali kila mara huku akicheka: "Papa, weye utazala siku gani?"

Daktari hakucheka. Alinichorea. Nyuma kabisa ya matumbo, karibu na mgongo na figo, kuna mafuta, misuli na mishipa. Nyama hizo laini ndizo tissus zake. Kansa ikianzia huko ina nafasi ya kutosha, inakua kimya bila kuuma, mpaka isukume utumbo na mtu aseme ameshiba. Haikuletwa na bukari, alisema. Hiyo ndiyo habari njema niliyotoka nayo. Skana ilikuwa imeiona, na kipande kilichotolewa kwa sindano kikathibitisha. Kilichobaki ni kupasuliwa kule Lubumbashi, waitoe nzima, pengine pamoja na figo moja.

Figo moja! Na safari ya Lubumbashi! Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kukaa.

Jirani alikuwa kwenye cherehani yake, na suruali yangu ilikuwa mapajani mwake.

"Hainiumi," nilimweleza, baada ya kumsimulia yote ya daktari.

"Na wakiiacha?"

"Itaendelea kukua."

"Mpaka wapi?"

Hilo sikuwa nimemwuliza daktari. Nilisema labda nitasubiri kidogo, mvua ipite, barabara ikauke. Akaigeuza suruali ndani nje, akavuta mshono kwa ukucha. Nikasubiri anionee huruma.

"Enda wakukate, papa. Hii suruali haina tena tissu ya kuongeza, na minye sishonaka nguo ya maiti."