Mfuniko wa tanki ulivyoniponza ukweni

Leo pikipiki nusura inivunjie ndoa.

Mnalijua lile dude langu la zamani, la kuchanganyia oili kwenye petroli, linalotoa moshi kama kuni mbichi. Mfuniko wa tanki ulidondoka njiani. Nimeusaka Bukoba nzima, sijaupata. Mafundi wa Muleba walicheka tu.

Nikaziba tanki kwa jani la mgomba, nikalikunja vizuri kama tunavyoziba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikampakia mke wangu, tukaenda kwao Izimbya.

Mikono mitupu. Ndiyo, najua.

Baba mkwe akaliona jani. Akatabasamu kuliko siku ya harusi.

"Waitu, mkwe kaleta pombe! Vijana wa mjini wana akili, kaijaza tumboni mwa pikipiki! Leteni vikombe!"

Majirani wakajaa uani.

Mzee akachomoa jani mwenyewe, akainama, akavuta harufu kwa mapozi.

Alikohoa mpaka kuku wakahama.

Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini, kisha akanipa kifuniko cha chupa yake ya chai. Kimekaa barabara!

Mke wangu kazuiwa kwao mpaka nilete rubisi ya kweli. Mwenye nayo hapo Kibeta aniambie.

Sharti la mzee ni moja: ije kwenye kibuyu.