Tumbo lilinikamata kwenye boti, abiria wote wakawa madaktari

Wakuu, heshima kwenu. Nawasimulia yaliyonikuta mwenyewe, na ningelipa ili yawe uongo.

Wiki iliyopita nilipanda boti Ujiji kwenda vijiji vya kusini. Asubuhi nilikuwa nimekula samaki, mgebuka wa juzi. Ulinuka kidogo, nikaona kuutupa ni hasara.

Baada ya saa mbili za safari, tumbo likaanza kusokota. Linakata, linaacha, linarudi na nguvu mpya.

Boti zetu hazina choo. Na mwanaume akiomba boti isimame, atataniwa mpaka mwalo wa mwisho wa kushukia.

Nikajikunja. Mama mmoja wa Bangwe, muuza mawese, akaniona.

"Baba, tumbo?"

Nikafanya kosa la kuitikia.

Boti nzima ikawa hospitali. Huyu anasema chango, yule vidonda. Mzee wa mbele akasema ngiri, kwa sauti ya kufika Kongo. Nilihesabu magonjwa saba, nikarudia, saba. Dawa, hakuna hata moja.

Jasho linatoka, nikaanza kupatana na nahodha.

"Kaka, nishushe mwalo huu hapa. Dakika kumi."

"Watu wana haraka."

"Tano."

"Mbili, wenzako wakikubali."

Mama akaangua kicheko. "Mwanaume mzima! Sisi tumezaa na boti haikusimama. Haya mshusheni, tusije tukazika."

Hakuna aliyepinga. Na mimi mzoefu wa soko nilipaswa kushtuka hapo: mtu akikubali bei haraka hivyo, ana shida kuliko wewe.

Boti ikagusa mchanga. Choo kimoja, mlango gunia. Mimi niko nyuma kabisa, katikati ya madumu.

Kabla sijanyoosha mguu, mama alisharuka. Nyuma yake mzee wa ngiri. Nikahesabu foleni mara mbili: watu tisa mbele yangu, wote wameshika matumbo, wote serious.

"Mama, nipishe, mimi ndiye niliyeomba!"

Sauti ikatoka nyuma ya gunia: "Vumilia, baba."

Sikuvumilia. Niliingia ziwani na suruali yangu, nikatangaza kuwa nasikia joto.

Nilichojifunza: tumbo la kuuma si la mtu mmoja, ila aibu wanamwachia mmoja aibebe. Ukibanwa sema mapema, na ukae karibu na pa kushukia.

Nani mwingine yameshamkuta safarini? Tiririkeni hapa. Na nyie mnaocheka, najua mko kwenye foleni.