Kinyua Alipokuja Kwenye Darubini

Sitaki kubishana na mtu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, kwenye shamba la ngano huko Timau tulikoweka darubini yetu. Ukitaka kucheka, cheka, nimeshazoea.

Mimi na Kinyua tulikuwa tunachunguza nyota moja. Kwa macho ni moja, lakini kumbe ni mbili zinazozungukana, na ile kubwa imevaa sahani ya gesi kiunoni. Hiyo gesi huioni. Unaipasua nuru ya nyota kuwa rangi, na kwenye wekundu wa haidrojeni unaona pembe mbili: gesi inayokuja kwetu na gesi inayoenda zake. Picha moja huchukua muda mrefu, na kazi hiyo haitaki taa. Ukiwasha hata tochi, picha imeharibika. Kwa hivyo tulizoea kusalimiana gizani, kwa sauti tu.

Siku hiyo Kinyua alikuwa ameenda Nyeri kuchukua betri. Alikuwa mchumba wangu pia. Watu wa kwao walikuwa wanajiandaa kuja kwetu Wamagana kwa ruracio, kuleta mahari. Giza lilipoingia nikaanza bila yeye. Nikiwa katikati ya picha ya kwanza nikasikia mlango, halafu kiti chake.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Ai, barabara. Pembe ziko sawa?"

"Ya kushoto imepanda kidogo."

"Si nilikuambia?" Akacheka kile kicheko chake cha puani. Haki ya Mungu, alikuwa yeye.

Simu ikatetemeka. Nikaipokea ndani ya koti, mwanga usitoke. Alikuwa Mutwiri, ndugu yake. Akaniambia nikae chini kwanza. Lori liligonga gari la Kinyua pale Gatitu mchana, na hakufika hospitali akiwa hai.

"Nani huyo?" Kinyua akauliza, hapo kando yangu.

"Ni Mutwiri."

"Ati anasema nini?"

"Hakuna."

Wewe ungefanya nini? Ungepiga nduru? Ungekimbia? Mimi sikuhisi kitu, niamini. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Nilijua jambo moja tu: picha ikiisha, taa itawashwa. Basi ilipoisha nikaanzisha nyingine. Kisha nyingine. Tukaongea juu ya gesi, juu ya mbuzi wa ruracio, juu ya shangazi yangu anayependa maneno. Akasema ako na baridi. Nikasukuma chupa ya chai upande wake, lakini sikusikia akimimina.

Halafu mawingu yakashuka kutoka mlimani na nyota ikapotea.

"Haya," akasema, "leo imetosha. Washa."

"Ngoja kidogo."

Nilikaa hivyo hivyo mpaka kukapambazuka, na kiti kilikuwa kitupu.

Jeneza halikufunguliwa. Watu wa mochari walisema afadhali tusimwone. Baada ya mazishi nilimweleza mama yake yote. Ni mama wa kanisa, nikadhani atanikemea, aseme ni mapepo. Akanishika mikono.

"Msichana wangu," akasema, "na uso wake ulikuwa mzima?"

Mpaka leo nikienda kumwona ananitengenezea chai, ananiangalia, halafu ananiuliza tena, na mimi namwambia kulikuwa na giza.

Kwa hivyo sikiza. Mtu wako akikujia gizani, hata kama unajua ameshakufa, tena hasa kama unajua, washa taa. Kazi iharibike. Mwangalie.