Wa kwa Mutua

Hii aibu nimekaa nayo bila kuisimulia, na hata sasa naandika nikiwa nimefunga mlango, kwa sababu kuna mama mmoja upande wa Migwani ambaye siku ya kumzika mtoto wake nilimpa furaha ya uongo, halafu ikanyang'anywa mbele ya soko zima la Kabati, na chanzo cha yote ni kwamba sikupenda vile gari langu lilikuwa limekaa.

Naitwa Mwikali. Mimi ni mtu wa kujifunza peke yangu. Kushona nilijifunza kwa kufumua nguo za mama na kuzishona upya usiku kabla hajagundua, na kuegesha gari kwa kurudi nyuma nilijifunza kwa video za simu, nikiwa nimepanga ndoo za maji uani kama magari ya watu. (Leseni ninayo, msianze.) Mtu aliyejifunza peke yake ana ugonjwa mmoja: haamini kitu kimekuwa sawa mpaka akirudie, kwa sababu hakuwahi kuwa na mwalimu wa kumwambia, basi, inatosha.

Mama yangu, ambaye nyumbani tunamwita Mwaitu kama Wakamba wengi wanavyowaita mama zao, ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazimika. Lilizimika huku anaenda kliniki peke yake na kurudi akisema hamna shida, wanampa tu dawa ya matone, na sisi watoto tukashukuru Mungu, kumbe alikuwa ameambiwa ukweli mapema akaamua kutotusumbua. Kwa hiyo safari hii, sasa ikiwa ni zamu ya jicho la kulia, niliapa nitaingia na yeye hadi mbele ya daktari nisikie kwa masikio yangu. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyonitoa Kabati kwenda Kitui mjini siku hiyo. Kusikia.

Tulifika mapema na uwanja wa hospitali ulikuwa umeshajaa. Magari yalikuwa chini ya miti, juu ya maua, mbele ya bango linalosema usiegeshe hapa. Nilizunguka mpaka Mwaitu akauliza kama tumekuja kuona daktari au kuhesabu majengo. Mwishowe askari wa lango akanionyesha upenyo kati ya ukuta wa jikoni na pikapu moja. "Weka tu hapo, madam. Hapo ni sawa." Nikaweka. Tairi moja lilipanda jiwe la bustani na matako ya gari yakabaki nje kidogo, lakini askari alikuwa ameridhika, na mtu mwenye akili zake angeridhika pia.

Nikampeleka Mwaitu kwenye benchi la kliniki ya macho, nesi akampa namba, tukakaa. Nikaanza kuliona lile gari kichwani. Nikaona ambulensi ikikata kona na kuligonga. Nikaona mwenye pikapu akinitukana.

"Mwaitu, naenda kulisogeza kidogo."

"Kwani litatoroka? Liache."

"Narudi sasa hivi."

"Mwikali." Alinishika mkono wa nguo. "Wakiniita?"

"Hawajakuita. Kuna watu wengi mbele yako." Nikajitoa, nikaenda.

Nyuma ya hospitali niliona uwanja mpana, kivuli kizuri, magari machache yamepangwa mstari mmoja ulionyooka kama rula, nikajiambia kumbe watu wanateseka huku mbele na nafasi ipo. (Ni upande wa mochari. Sikuangalia bango, nilikuwa naangalia mstari.) Mwanamume wa suti nyeusi akanijia dirishani, nikajua ni msimamizi wa maegesho.

"Madam, wewe ni wa kwa Mutua?"

Baba yangu aliitwa Mutua. Nilidhani hospitali siku hizi ina utaratibu mzuri, wanajua gari ni la mgonjwa wa familia gani. Nikasema ndio, wa kwa Mutua. Ukisimama Kitui ukaita wa kwa Mutua, nusu ya kaunti itageuka, na mimi najua hivyo tangu utotoni, lakini siku hiyo jina la baba lilinitosha.

"Haya, pole sana. Panga hapo nyuma ya basi."

Ile pole niliisikia. Nikafikiri ni pole ya mgonjwa.

Nikapanga. Halijanyooka, nikatoka, nikarudi, nikatoka tena, macho yangu yote kwenye kioo cha kulia, na nilipozima injini nikiwa nimefurahia kazi yangu nikaona kioo cha kushoto kimefungwa utepe mwekundu wa mazishi, nyuma yangu kuna magari yenye utepe kama huo, na milango yangu ya nyuma inafunguliwa. Waliingia wanawake wawili wazee wenye leso mabegani. Mmoja alipakata mfuko wa karatasi wenye viatu vipya vya kiume.

"Asante mwanangu," yule wa viatu akasema. "Lile basi lingeniua."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu lingetosha. Lakini alikuwa analia bila sauti, na yule wa suti alikuwa anapiga boneti yangu kwa kiganja, "Twende, madam, unafungia watu njia!" Nikawaza nitatoka langoni nisimame kando, niwaeleze polepole. Nje ya lango hakukuwa na kando. Kulikuwa na basi mbele, magari nyuma, taa zote zinawaka na kuzima, na mimi katikati ya msafara wa kumpeleka mtu nyumbani kwake, nikielekea barabara ya Kabati niliyotoka nayo asubuhi.

"Wewe ulimjua Kyalo wangu wapi?" yule mama akauliza.

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu, ukamwita na bibi kwa Kikamba. "Kanisani, susu."

Nikamwona kwenye kioo akimgeukia mwenzake.

"Kanisani? Kyalo?"

"Alikuwa ameanza kuja," nikasema, maana mtu wa kurekebisha hawezi kuacha hata uongo ukikaa upande.

Aliweka ule mfuko wa viatu kifuani akaanza kumshukuru Mungu kwa Kikamba, sauti ikipanda, kwamba alikuwa amemwombea huyo mtoto miaka yote na sasa anamzika bila hofu, na mwenzake akaanzisha wimbo, wakaimba wote wawili nyuma ya shingo yangu, na mimi nikaendesha nikiwa nimeshika usukani kama mtu anayezama. Simu yangu ilikuwa imezimwa sauti kwa heshima ya kliniki, kwa hiyo hata kama Mwaitu alinipigia sikusikia.

Kabati msafara ulisimama. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale stendi, na wenzake walitaka kumwombea. Yule mama akashuka, akamnong'oneza yule wa suti, na kabla sijafungua mkanda nikasikia kipaza sauti: "Tunaambiwa tuko na dada wa kanisa ambalo marehemu alikuwa akiabudu. Dada, karibu utuambie neno."

Soko lote lilinijua. Mama mmoja ninayenunua kwake sukuma wiki alikuwa ameshika kichwa. "Mwikali! Ni nani amekufa? Ni mamako?"

"Kanisa gani?" kijana mmoja mwenye miwani ya welding juu ya paji akauliza. "Huyu mimi nilikuwa naye Jumapili zote kwa meza ya pool."

"Labda walikuwa wanaombea mipira," mwingine akasema, na watu wakacheka kile kicheko cha matanga, kifupi, kinachoona aibu.

"Siku hizi wanafuata pilau mpaka mochari," mwanamke mmoja akamalizia.

Sikuchukua kile kipaza sauti. Nilienda mpaka kwa yule mama nikamwambia, mimi si wa kwa Mutua wenu, susu. Mimi ni wa kwa Mutua wa hapa Kabati. Sikumjua Kyalo. Nilikuwa naegesha gari, mama yangu yuko kliniki ya macho.

Aliniangalia. Nilitamani anipige.

"Na mama yako umemwacha na nani?"

Akafungua ule utepe kiooni yeye mwenyewe, akachukua mfuko wa viatu vyake, akapanda lile basi ambalo lingemuua.

Nilipofika hospitali mlango wa kliniki ulikuwa umefungwa na daktari alikuwa ameondoka. Mwaitu alikuwa peke yake kwenye benchi, leso imefunika macho yaliyotiwa dawa.

"Ni wewe? Gari limekaa vizuri sasa?"

Hakuwa ananicheka. Aliuliza kweli.

"Mwaitu, daktari amesema nini?"

"Amesema mengi." Akanyoosha mkono, nikaushika. "Twende, jua ni kali."

Nilimfuata nesi koridoni nikamwomba. Akasema mgonjwa ni mtu mzima, nimuulize yeye. Nimemuuliza njiani, nimemuuliza jikoni, nimemuuliza baada ya maombi ya jioni. Anasema nisimamie cherehani yangu.

Kliniki nyingine haijafika. Ikifika tutaenda kwa bodaboda, na kama ni lazima gari, nitaliacha juu ya maua, tairi hewani, funguo nimempa askari alisukume apendavyo, na nitakaa kwenye lile benchi nimemshika mkono hata nikiambiwa gari linaungua. Lakini hayo ni ya mbele. Maneno aliyoambiwa siku ile bado anayo peke yake.