Siku Niliyosema Hana Kipaji

Barua ya kumwita mdogo wangu kwenye mahojiano ya ufadhili wa masomo ilikuwa na mstari mmoja chini kabisa ulionitisha: aje na mzazi au mlezi wake. Wazazi hawakuwapo tena. Mlezi nilikuwa mimi, fundi wa makubadhi wa miaka ishirini na minne, niliyeacha shule kidato cha pili mama alipotutoka miaka miwili baada ya baba. Dada yetu wa katikati alikuwa ameshaolewa Malindi. Nyumbani, Mji wa Kale, tulibaki mimi na huyu kitindamimba, naye alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne na kupata alama ambazo mwalimu wake mkuu alizisoma mara mbili.

Ufadhili wenyewe ulikuwa na jina kubwa miaka ile ya tisini. Aliyeupata alipelekwa chuo kikuu ng'ambo na kusomeshwa mpaka mwisho. Haukuwa wa kuhurumia mayatima. Walimu walimweleza wazi kwamba hakuna atakayetazama shida zake. Watatazama akili yake, basi. Nafasi zilikuwa chache na waliozitaka ni watoto waliowashinda wenzao nchi nzima.

Akikosa, angengoja chuo cha serikali, na foleni ya huko ilikuwa ndefu, karibu miaka miwili ya kukaa nyumbani. Hapo ndipo ami yetu alipokuwa akingojea. Alikuwa ameshaleta posa mara mbili. "Msichana akae miaka miwili afanye nini?" aliniuliza. "Ahesabu dari?" Mara mbili nilimkatalia kwa adabu. Ya tatu nilijua atakuja na wazee wengine wawili, watakaa barazani kwetu, na mimi ndiye mdogo wao wote.

Kwa hivyo nilikuwa na woga wa ami na woga wa mahojiano. Lakini woga mkubwa kuliko huo wote ulikuwa wa tangu utotoni, nao ni wa jicho la husuda.

Mama hakutuhesabu mbele ya watu. Mgeni akimuuliza ana watoto wangapi alisema, "Wapo, alhamdulillahi," akamimina chai. Mtoto aliyenawiri alisemwa kuwa amevimba. Aliyefaulu shuleni, amepita kwa kupapasa. Majirani nao walisema vivyo hivyo juu ya watoto wao, na kila mtu alielewa. Ningeweza kuyacheka mambo haya nilipokua, kama si baba. Siku moja mgeni alimwona baba akipandisha gunia la ngozi mbichi ngazi nzima bila kutua, akasema, "Wallahi huyu ni chuma." Hakumtaja Mungu. Wiki haikuisha baba akaanza kukohoa. Daktari alitueleza ugonjwa uliokuwa kifuani mwake, na nilimwelewa. Hata hivyo lile neno chuma halikunitoka.

Matokeo ya mdogo wangu yalipotoka, niliificha karatasi nyuma ya kabati. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama mtu mzima aliyetulea kama wanawe, alinikamata mlangoni.

"Mwanangu, nasikia dadako yuaenda Ulaya!"

"Wapi, mama! Maneno ya watu. Yule hata wali humshinda, huukoroga kama uji."

"Kwani hakupita?"

"Alipita tu. Bahati."

"Haya, ficha," akasema akicheka. "Siku akipanda ndege utatwambia amekwenda sokoni."

Asubuhi ya mahojiano tulikwenda kwa miguu. Nilivaa kanzu niliyoipiga pasi mara mbili na makubadhi mapya niliyoyashona mwenyewe. Tulipita Ngome ya Yesu wauza vinyago wakipangusa mali yao, tukaingia Kizingo, kwenye zile nyumba kubwa ambazo mtu haoni milango yake kwa miti. Mdogo wangu alikuwa akinong'ona kitu njia nzima. Nilidhani ni dua. Nilipomsogelea nikasikia ni majibu ya hesabu.

Mahojiano yalikuwa katika mojawapo, na magari yalikuwa yamejaa uani. Wazazi wengine walikuja na tai shingoni na mikoba. Baba mmoja kwenye benchi alikuwa akimweleza mwenzake kwa sauti ya juu kwamba mwanawe hajawahi kuwa wa pili tangu darasa la kwanza, kwamba ni simba, kwamba hata walimu humwogopa. Nilimwonea huruma yule kijana. Nilisema moyoni, huyu baba hana habari anamfanyia nini mwanawe.

Mdogo wangu aliitwa, akakaa ndani muda mrefu, akatoka uso umemwiva. Kisha nikaitwa mimi, peke yangu.

Walikuwa wawili nyuma ya meza. Mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, aliyezungumza Kiswahili cha bara, na mwanamume aliyekuwa akiandika. Nilificha mikono chini ya meza kwa sababu ya rangi ya ngozi iliyoingia kwenye kucha.

"Wewe ndiye unayeishi naye," yule mama alianza, kwa upole. "Sisi tumemwona saa moja tu. Tuambie, ana kipaji gani?"

Watu wawili nisiowajua, wenye uwezo, macho yao yote juu yangu, wananitaka nimsifu dada yangu waziwazi, asubuhi, bila hata kumtaja Mungu kwanza. Nikafanya kama nilivyolelewa.

"Hana kipaji, mama. Ni mtoto kama watoto wengine."

Kalamu ya yule bwana ilisimama.

"Na hizi alama?"

"Bahati. Walimu wake walimsaidia sana."

"Nyumbani anajitahidi kusoma?"

"Kidogo kidogo."

"Unaona ataweza chuo kikuu, mbali, peke yake?"

"Hayo sijui. Mungu ndiye ajuaye."

Walitazamana. Yule mama akavaa miwani, akaandika neno moja au mawili, akafunga faili. Akanishukuru. Nami nilitoka mwepesi. Kusema kweli nilitoka nikiwa na furaha, kama mtu aliyevuka barabara na mtoto mgongoni. Nilimkuta mdogo wangu chini ya ukuta wa nje, nikamwambia twende.

"Wamekuuliza nini?"

"Habari zako. Nimekusitiri vizuri. Nimewaambia huna lolote, ni bahati tu."

Alinitazama kama hajanisikia. Kisha akakaa chini pale pale pembeni mwa barabara, na nguo yake nzuri.

"Kaka, hao ndio wanaochagua."

"Najua."

"Hujui! Walikuita uwe shahidi wangu. Kila mlezi anaitwa awe shahidi. Na wewe umetoa ushahidi kwamba sina kitu."

Nilitaka kumwambia kwamba kila mtu anaelewa maneno yale yana maana gani. Ndipo nikaisikia upya sauti ya yule mama, Kiswahili chake cha bara, na nikaona kalamu ikisimama. Hawakuelewa hata kidogo. Waliniamini.

Nikirudi kumsifu, namweka wazi mbele ya macho ya watu, na nilishamzika baba. Nisiporudi, ami atakuja na wazee wake. Nilisimama pale jua likinichoma utosini. Yeye hakuniambia nirudi. Alikuwa amefunika uso kwa ushungi na mabega yakimtikisika. Nikageuka.

Bawabu alinizuia langoni. "Wamemaliza, mzee. Wanakunywa chai."

"Nimesahau kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Maneno," nikasema, na labda alidhani nina wazimu, maana alinipisha.

Niliwakuta wamesimama, vikombe mkononi, mafaili yamefungwa kwa uzi. Nilitoa salamu mara mbili kwa kuchanganyikiwa.

"Mama, yale niliyosema si kweli."

"Yapi?"

"Yote."

Yule bwana aliweka kikombe chini. Yule mama akasema polepole, "Kijana, saa hii hii umetuambia jambo moja. Sasa unatuambia jingine. Tushike lipi?"

"Shikeni kwamba mimi ni mwongo. Yeye hayumo. Kwetu mtu hamsifu wa kwake mbele ya watu. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

Hapakuwa na njia ya kuzunguka. "Macho yenu," nikasema.

Nilidhani watanifukuza. Niliomba kipande cha karatasi na kalamu, nikachora ngozi ya mbuzi iliyotandazwa, shingo huku, miguu huku. Nikawaeleza kwamba baba alikata nyayo za makubadhi kwa safu, kama alivyofunzwa na baba yake, na mimi nikafuata. Ngozi moja ilitoa jozi saba. Mwaka uliopita, likizo, mdogo wangu alikaa kando yangu na vipande vya boksi, akavigeuzageuza siku mbili, kisigino hiki kikiingia kwenye kiuno cha wayo ule, akatoa jozi tisa kwenye ngozi ile ile. Hakuna aliyemfundisha. Hata mafundi wenzangu sikuwaonyesha.

Nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nikawaambia kwamba watoto wa mtaa wetu walioshindwa hesabu huja kukaa ngazini kwetu naye huwaeleza mpaka wanaelewa, na wengine ni wakubwa kwake. Kwamba alimwandikia mwalimu barua kumwonyesha swali lililokosewa kwenye kitabu. Kwamba ana akili kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Kila sentensi nilifuatisha mashallah kwa sauti ya chini, na jasho lilinishuka mgongoni kana kwamba nakiri wizi.

Yule bwana alikuwa ameichukua karatasi, akiigeuza juu chini. "Tisa?" aliuliza.

"Tisa."

Yule mama hakutabasamu. "Asante kwa kurudi," alisema. "Hatuwezi kukuahidi kitu."

Siku ya tatu mdogo wangu alishikwa na homa. Aliamka akitetemeka, mchana akawa anaweweseka, na mimi nikajua nimemuua kwa ulimi wangu. Jirani yetu aliyekuja kumtazama alinikuta nimesimama nimeegemea ukuta, sina faida yoyote.

"Umesimamia nini hapa?"

"Nilimsifu, mama. Mbele ya watu."

"Ulimsifu, na mbu naye akamsikia?" alisema, akimkanda paji la uso kwa kitambaa. "Nusu ya mtaa ina malaria wiki hii. Hao nao nani aliwasifu? Chukua gari umpeleke hospitali. Kisomo cha Qurani nitamsomea mimi mwenyewe, hayo mawili hayagombani."

Nilimpeleka. Walimdunga sindano na kumpa vidonge. Siku nne nilikaa kando ya kitanda chake sikushika ngozi, nikimtazama kifua kikipanda na kushuka, nikisikiliza kikohozi ambacho hakikuja. Siku ya tano aliomba mkate na chai. Ami alipita kumjulia hali, akasema akipona tutazungumza, nikasema inshallah.

Barua ilifika wiki tatu baadaye. Niliichukua posta mwenyewe, nikaja nayo mpaka nyumbani bila kuifungua, nikampa kitandani, alikolala bado mchana kwa udhaifu. Aliisoma kimyakimya. Sikuweza kuusoma uso wake. Kisha akaniwekea barua kwenye goti, akaniacha niisome polepole, kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili. Nilisoma mstari wa kwanza mara tatu kabla ya kuamini kwamba wamemchukua.

Nikafanya kama kawaida yetu. Niliikunja barua, nikaenda moja kwa moja kufunga dirisha la njiani.

"Kaka," akaniita. "Uliwaambia nini siku ile uliporudi?"

"Niliwaambia tu."

"Niambie na mimi."

"Ya nini? Wewe wajijua."

"Sijijui," alisema. "Humu ndani mimi nimepita kwa kupapasa tangu nizaliwe."

Hakusema kwa hasira. Nilimwangalia, mashavu bado yamebonyea kwa homa, na hofu ilinipanda ile ile, nzito kama kule Kizingo, labda zaidi, kwa kuwa sasa ningemsifu usoni mwake. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilishika mguu wake juu ya shuka ili nimhisi yupo. Nikamwambia mashallah, kisha nikamwambia kwamba ana akili, na kwamba baba angemwachia yeye visu vyake vya kukatia ngozi, si mimi. Alijifunika shuka mpaka kichwani akalia, nami sikumwachia mguu.