Betri za Muuza Miti

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye machimbo ya dhahabu nyuma ya Runzewe, mimi ndiye niliyekuwa gazeti. Nilikuwa na ubao, mlango wa kabati bovu nilioupaka weusi wa mkaa wa betri zilizokufa, na kila mchana nilisikiliza redio nikaandika habari kwa chaki: matokeo ya mpira, bei ya dhahabu mjini, duara lipi limejaa maji. Duara ndilo shimo la kuchimbia. Sikulipwa na mtu, na ndiyo maana watu waliniamini. Mdogo wangu, aliyekuwa mchimbaji, alikuwa akipita na wenzake huku anajigamba, "Kama kaka hajaandika, bado halijatokea."

Redio ilikula betri kupita kiasi. Muuza miti, ile ya kuegemezea kuta za maduara zisiporomoke, akawa ananiletea betri kila Jumamosi. Hakuomba kitu. Wiki ya tatu nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba miti yake ni mikavu na imara. Sikuwahi hata kuigusa. Ningeweza kuongeza chini yake mstari mmoja tu, kwamba betri za redio hii ananipa yeye. Chaki ilikuwepo, nafasi ilikuwepo. Nilijiambia ni jambo dogo, nani ana haja nalo? Mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Watu walinunua. Kumbe miti ilikuwa mibichi, ikajikunja na kupasuka ndani ya wiki chache. Walipomfuata kulalamika, aliwajibu akicheka, "Mwulizeni mwenye ubao. Betri zangu alidhani za bure?"

Hawakunipiga. Afadhali wangenipiga. Walianza kusoma ubao wangu huku wanatabasamu, na hata matokeo ya mpira wakawa wananiuliza ni timu gani imenituma.

Mvua zilipokolea niliona ufa pembeni mwa duara alilochimba mdogo wangu, ufa wa kuingia kiganja. Niliandika kwa herufi kubwa: msishuke mpaka miti iongezwe. Kwa bahati mbaya, wiki hiyohiyo alikuwa amefika muuza miti mwingine na lori zima la magogo.

"Na huyu naye kakupa nini, mzee wa habari?" aliuliza mmoja wa wachimbaji, wenzake wakaangua kicheko.

Mdogo wangu hakucheka. Alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, niambie ukweli. Umepewa nini?"

"Sijapewa kitu. Ufa nimeuona kwa macho yangu."

"Hata mara ile hukutuambia kama umepewa."

Alinitazama kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu. Kisha akajifunga tochi kichwani kwa mpira, akashuka na wenzake. Ningeweza kumshika. Ningeweza kulala kwenye mdomo wa shimo wasipate pa kupita. Nilisimama tu na chaki yangu, nimenuna kwa sababu hakuniamini.

Duara liliporomoka kabla ya saa sita mchana. Yeye tulimtoa siku ya pili.

Tulimzika nyumbani, Didia. Wachimbaji waliokuja kuzika hawakumweleza mtu habari za betri, na sijui kama walinifichia kwa huruma au kwa kunidharau. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, akaniita.

"Wewe ulikuwa hukohuko. Hukuona kitu?"

"Niliona, mayu. Nilimwambia asishuke."

"Akakataa?"

"Akakataa."

Alinishika mkono, akawageukia wanawake, sauti imemkauka. "Mmesikia? Huyu alimwambia. Marehemu alikuwa mbishi tangu utoto."

Wanawake walitikisa vichwa. Mdogo wangu hakuwa mbishi. Nilimwacha mama aamini hivyo, na amekufa akiamini hivyo.